Kura ya Mashine Isiyo na Ndugu

Barua zenu nimezisoma. Hata ya yule bwana wa Gishubi anayetaka Theodosia afungwe kamba na kuzungushwa kanisani, akamalizia na siku za mwizi arobaini, nimeisoma mara mbili kwa sababu mwandiko wake unapendeza. Lakini bwana wa Gishubi, ungekuwa kijana usiye na baba wala mama, na shamba ndilo kitu pekee ulichoachiwa duniani, ungefanya nini? Usinijibu haraka. Soma kwanza.

Kwa aliyechelewa kuingia, mambo ni haya. Vita vilipoanza Burundi, Theodosia alibebwa mgongoni hadi Tanzania. Akakulia kambi ya Lukole, kule Ngara, na amani iliporudi akarudi nayo, mtu mzima na yatima. Marehemu baba yake, Ignasi, hakumwachia mali yoyote ila neno: "Shamba letu liko Makebuko. Kwa chini lina chemchemi."

Shamba akalikuta. Akamkuta na Josefina, mama mjane ambaye wakubwa walimweka pale wakati wa vita. Josefina alikuwa amelilima miaka yote hiyo na kupanda migomba kuanzia kwenye chemchemi hadi njiani.

Wazee wa kilima, maana kijiji kule huitwa kilima, wakaamua shamba likatwe vipande viwili. Cha chini kina maji na migomba. Cha juu kina mawe. Nani achukue kipi? Wakasema ipigwe kura.

Sasa kilima kile hakiamini tena kura ya vijiti, maana mshika vijiti siku zote ana shemeji. Katekista Longino, mzee anayesikilizwa kuliko wote, alikuwa amemwona Theodosia akicheza gemu yake. Ni kile kimashine cha mkononi ambacho ndani yake mayai hupasuka, wakatoka wanyama wa ajabu, nawe ukawakusanya kama mfugaji. Kabla yai halijapasuka, hakuna ajuaye kama atatoka mwenye kishungi chekundu au cha buluu. Longino akapiga paja lake.

"Kura ndiyo hii! Mashine haina ndugu."

Ndugu haina, kweli. Ila ina saa.

Bahati ya gemu ile huanzia kwenye saa yake. Ukiirudisha saa palepale ilipokuwa siku fulani, ukaanza mchezo, ukabonyeza kitufe kwa pumzi ileile, anatoka mnyama yuleyule wa siku ile. Theodosia alifundishwa hayo Muyinga na fundi aliyempa gemu, na mnyama waliyemzoea kumtoa alikuwa wa buluu. Ili asikosee pumzi, alikuwa akijipimia kwa wimbo wa kwaya ya Lukole: ubeti, kiitikio, na kiitikio kikiisha anabonyeza.

Asubuhi ya kura akavaa kilemba cha buluu. Akapendekeza, macho chini kama mwali, kila mmoja achukue rangi ya kilemba chake. Alijua fika kwamba Josefina hana kilemba kingine ila kile chekundu cha kina mama wa kanisa.

Saa sita mchana, mbele ya kilima kizima, akairudisha saa ya gemu, akaanza mchezo na kuimba. Watu wakadhani anasali. Wakamsaidia kuimba, Longino akiongoza. Yai likapasuka, na kioo kikapita mkono kwa mkono ili kila mtu amwone mnyama aliyesimama kwenye majani chini ya mwezi. Kishungi chake kilikuwa cha buluu.

Josefina akahamia kwenye mawe. Hapo ndipo tulipoachana.

*

Asubuhi moja umande haujakauka, Theodosia akasikia hodi. Josefina alikuwa amesimama njiani, nje kabisa ya migomba, kama mgeni asiyejua kama mbwa amefungwa.

"Mwana wanje, mwanangu, umeamka?"

"Nimeamka, mama. Shikamoo. Mbona umesimama huko? Pita."

"Hapana. Huku iko kwako sasa."

Josefina alijifunza Kiswahili akiuza ndizi soko la Gitega. Kirundi cha Theodosia ni cha kuokoteza, wenzake humcheka, kwa hiyo mama huyu humsemesha Kiswahili asione haya. Hata wema mdogo kama huo siku hizi ulimchoma Theodosia.

"Nakuja kuomba," akasema Josefina.

"Omba, mama."

"Unipe mukungu moja ya ndizi ya pombe. Moja tu. Mi nitatengeneza urwagwa, tunywe siku ya Mungu, mi na we, mbele ya wazee. Kura bila pombe haijaisha."

Mama huyu alikuwa akimwomba mkungu kwenye mgomba alioupanda kwa mikono yake mwenyewe.

"Mama, kata hata mitatu. Kata unavyotaka."

"Moja. Ya kwako iko ya kwako."

Wenyeji wa huko mnaijua desturi, lakini nina wasomaji wa mbali. Watu wawili waliogombana wakipatana, huwekewa mtungi mmoja wa pombe na mirija miwili. Wanainama pamoja, wanavuta pamoja, wazee wakiangalia. Baada ya hapo neno lile halifufuliwi tena. Na anayevuta huku ameficha hila kifuani, wanasema, tumbo lake litavimba mpaka apasuke.

Mimi sijawahi kuona tumbo limevimba kwa uongo. Lingekuwa linavimba, wengi wetu tusingepita mlangoni. Lakini Theodosia alilelewa na watu wa kambini ambao waliibeba Burundi yao mdomoni, desturi kwa desturi, na kila walichoambiwa walikiamini.

Josefina akafungua pindo la kitenge chake.

"Nimekuletea mbegu. Udongo ya huku chini inapenda maharagi ya njano. Ile unapanda, ile nyekundu, haitakupa kitu."

"Mama, mbegu hizi utapanda nini wewe?"

"Kwenye mawe?" Josefina akacheka kidogo. Kisha akamtazama Theodosia usoni. "Nikuulize kitu moja?"

"Uliza."

"Siku ile ya kura..." Akasita. Akangoja, kama anayemwachia mwenzake nafasi ya kusema. Theodosia akatazama kucha za miguu yake.

"Acha," akasema Josefina. "Iko kitu ya batoto."

Akaondoka. Theodosia akaingia ndani, akalala kifudifudi juu ya mkeka, akalia mpaka jirani akafikiri amefiwa.

Alijichukia. Alikichukia kilemba chake cha buluu. Aliichukia sauti yake yenyewe, maana wimbo ule aliotumia kupima wizi ni wimbo wa kumshukuru Mungu, na tangu siku ya kura hakuweza tena kuuimba kanisani. Kwaya ikiuanza, yeye anakohoa.

Gemu yenyewe alikuwa ameizika chini ya nguo kwenye kapu. Hakuiwasha tena.

Lakini kuna wazo lilikuwa limemng'ang'ania kama kupe. Siku ile, watu walipoingia kwenye wimbo, aliona mwendo umebadilika. Kiitikio kilichelewa. Aliposikia kimeisha alibonyeza, ndiyo, lakini je, ilikuwa pumzi ileile? Vipi kama alikosa? Vipi kama ile buluu ilitoka kwa Mungu mwenyewe?

Jibu lilikuwa ndani ya kapu. Kila mnyama wa gemu ana ukurasa wake unaoeleza alivyo. Tatizo ukurasa ule ni wa Kifaransa. Theodosia alisoma shule ya kambini kwa Kiswahili, na gemu nzima alikuwa akiicheza kwa kukariri picha. Shida hii ya kurudi nyumbani ukakuta nyumbani panasomwa lugha usiyoijua, waliorudi wanaifahamu, sina haja ya kuwaeleza.

Mtu wa kumsomea alikuwa mmoja tu, naye yuko Muyinga.

*

Baguma ni Mkongomani wa Kivu Kusini, anatengeneza redio na simu kwenye soko la Muyinga. Theodosia alipovuka mpaka wa Kobero hana pa kulala, Baguma ndiye aliyempa kazi ya kukaa dukani. Siku ya kuagana akampa gemu ile iwe ukumbusho.

"Aah, Theo!" akapiga kelele alipomwona. "Mi nilisema umeshakutusahau, sisi ba Muyinga!"

"Siwezi kukusahau, kaka Baguma."

"Na gemu? Iko muzima?"

"Nzima. Nimekuja unisomee ukurasa mmoja."

"Ya mbali vile, juu ya ukurasa moja? We iko na nini?"

Theodosia alikusudia kudanganya. Njia nzima alikuwa akitunga uongo mzuri. Lakini alipofungua mdomo, ukatoka ukweli wote: kilemba, wimbo, mawe, mkungu wa ndizi, mbegu za maharage. Baguma alianza kusikiliza akicheka. Habari ilipofika kwenye mawe, kicheko kilikuwa kimeisha.

"Ulikata shamba ya watu na gemu yangu?"

"Ulinipa. Ni yangu."

"Hapana kuniletea bwenge, ile ujanja yako! Mi nilikufundisha ile kitu juu ya nini? Mvua inanyesha, bateja hakuna, tunacheza, tunacheka. Mi sikukufundisha kunyang'anya mama muzima shamba!"

"Najua, kaka."

"Unajua! Ungejua mbele!"

Mteja akaja na redio yake. Baguma akamfukuza kwa mkono, arudi baadaye. Akaichukua gemu, akaiunganisha na umeme, akakaa nayo kwenye kigoda.

"Sikiliza vizuri. Ile nyama tulikuwa tunatosha ku yai hapa, mi na we, unaikumbuka?"

"Kishungi cha buluu."

"Buluu, njo. Tena ilikuwa jike, na tabia yake ku ukurasa waliandika timide, sawa mutu wa haya. Kila mara ileile. Sasa, kama siku ya kura ulipiga kitufe ku wakati yake kabisa, nyama iko ileile. Jike, ya haya, hakuna kitu inabadilika. Kama ulikosa hata kidogo, iko nyama ingine."

"Na huyo mwingine anaweza kuwa wa buluu pia?"

"Anaweza buluu, anaweza nyekundu. Pale njo Mungu tu, hakuna Theo, hakuna Baguma."

Kioo kikawaka. Baguma akakunja uso.

"Tiens! Huku jua inatuchoma, ndani ya gemu iko nyota na mwezi."

"Ni ile saa. Sikuirudisha tangu siku ile."

"Nitaiweka vizuri. Ngoja nisome."

Akasoma. Midomo yake ilikuwa ikitikisika bila sauti. Theodosia akashika ukingo wa meza. Kama ni jike mwenye haya, basi yeye ni mwizi na hakuna cha kubishana. Atakunywaje pombe ile?

"Mâle," akasema Baguma.

"Ndiyo nini?"

"Dume. Theo, hii iko dume." Akasogeza kioo karibu na macho. "Na tabia yake, brave. Haina haya hata kidogo. Haiko ileile."

"Soma tena."

"Nimesoma. Ulikosa! We uliimba peke yako?"

"Watu wote waliimba. Mzee Longino aliongoza, alikivuta kiitikio kama mtu anayemvuta ng'ombe mtoni."

"Voilà. Balikuharibia kazi." Na Baguma, japo alikuwa amekasirika, akaangua kicheko. "Kilima muzima inakuimbia mpaka unakosa kuiba!"

Theodosia alianguka magoti palepale katikati ya betri na nyaya. Akashukuru kwa Kiswahili, akashukuru kwa Kirundi chake kibovu, akawa analia na kucheka pamoja.

"Sikuiba! Kaka Baguma, sikuiba! Mungu mwenyewe amenipa!"

"Mi sikusema vile."

"Umesema nilikosa!"

"Nimesema ulikosa. Mwizi anavunja dirisha ya watu, anaingia, anakuta mwenye nyumba alishamuwekea ile kitu ku meza, sawa zawadi. Haya, hakuiba. Na dirisha? Iko muzima?"

Theodosia akainuka taratibu, akajipangusa magoti.

"Sasa unataka nifanye nini?"

"Umuambie mama yote. Mupige kura ingine, na vijiti, na mawe, na kitu yote. Lakini we usishike."

"Na nikishindwa? Nitaenda wapi mimi? Juu kule ni mawe matupu, kaka, hapaoti hata bangi!"

Baguma akamrudishia gemu yake, saa imeshawekwa sawa.

"Na Josefina," akamuuliza, "sasa iko wapi?"

Theodosia akaitia gemu kwenye mfuko. Akaaga, akaondoka.

Mnadhani alirudi Makebuko kwenda kusema? Nilidhani hivyo na mimi. Binadamu akitaka kujisamehe, hakosi wakili. Alipofika Gitega alikuwa ameshapitisha hukumu: aliyechagua ni Mungu, Mungu hakosei, na kumweleza Josefina habari ya hila iliyoshindwa ni kumuumiza bure mama wa watu. Atainama kwenye mtungi, atavuta pombe, na tumbo lake litabaki kama lilivyo, kwa sababu mnyama ni dume.

Hivyo ndivyo alivyojiambia. Usingizi nao ulikuwa na maoni yake, maana haukuja.

*

Jumapili, baada ya ibada, watu walipanda kwa Josefina. Pombe iliivia kwake, ikabidi inywewe kwake. Theodosia hakuwa amepanda kule juu tangu kura.

Akaona mambo. Josefina alikuwa amesomba udongo kwa kikapu kutoka njiani, akaumwaga juu ya mawe na kutengeneza matuta, madogo kama makaburi ya watoto. Lengalenga, mchicha wa huko, zilikuwa zimeanza kuchungulia. Na mitungi ya maji ilikuwa na tope la mtoni.

"Mama, maji unachota wapi?" akauliza.

"Chini, ku mutoni."

"Mto uko mbali! Chemchemi iko pale!"

"Chemchemi iko yako. Hukuniambia nipite."

Alilisema bila hasira, na hiyo ndiyo iliyomuua Theodosia kabisa. Hakuwahi kumkataza kupita. Hakuwahi pia kumwambia apite, kwa sababu kila alipomwona alikuwa akijificha ndani.

Wazee wakaketi. Mtungi ukaletwa katikati. Longino akasimama, akasema kwa Kirundi, nami nawapeni kwa Kiswahili kama nilivyoelewa.

"Leo tunamaliza neno la shamba la Ignasi. Wawili hawa wamegawana bila kutukanana, bila kushikana makoo. Kilima kimeona. Na si kilima tu. Angalieni nani wamekaa kwenye benchi moja."

Watu wakageuka. Kwenye benchi walikuwa wamekaa Thomas na Prosper, ndugu wa tumbo moja. Thomas hakuwahi kuondoka kilimani, Prosper alirudi kutoka Tanzania, na tangu arudi walikuwa wakigombea shamba la baba yao. Hawakusalimiana hata msibani. Mara ya mwisho walipokutana mpakani mwa shamba, Prosper alimpasua kaka yake bega kwa jembe. Leo majembe yao yalikuwa yameegemezwa ukutani, kwa amri ya Longino.

"Wameniambia wenyewe," akaendelea Longino. "Wamesema: kama Josefina amekubali mawe kwa kura ya mashine ile na moyo wake umetulia, na sisi tutakubali. Mashine haina ndugu! Mtungi ukiisha, Theodosia atawapasulia yai, na damu haitamwagika tena kilimani hapa."

Vigelegele vikapigwa. Prosper akamnyooshea Theodosia kidole gumba. Theodosia akageuza uso. Gemu ilikuwa nyumbani kwake, ndani ya kapu, lakini alihisi kama imefungwa shingoni.

Sasa hata kusema hakuwezekani, akajiambia. Akisema, ndugu hawa watarudi kwenye majembe yao. Kunyamaza kumekuwa kazi ya Mungu. Yule wakili wake alikuwa hajachoka.

"Wanywe!" akasema Longino.

Wakainama. Mirija miwili, mtungi mmoja. Vichwa vyao vilikaribiana mpaka kilemba chekundu kikagusa cha buluu. Theodosia akatia mrija mdomoni, akafumba macho.

"Mwana wanje," Josefina akanong'ona. Mdomo wake ulikuwa kwenye mrija, lakini alikuwa havuti. "Siku ile ya kura, jua ilikuwa wapi?"

"Juu, mama. Ilikuwa saa sita."

"Na ku mashine yako? Juu ya ile nyama, kulikuwa nini?"

Theodosia akafumbua macho.

Mwezi. Kilima kizima kilikuwa kimeupitisha mkono kwa mkono, ule mwezi mkubwa mweupe, adhuhuri ya jua kali. Wote walikuwa wakitazama kishungi.

"Mbele ya siku ya kura," Josefina akaendelea polepole, "mi nilikuwa nakuonaka unacheza pale njiani. Asubuhi, ku mashine iko asubuhi. Jua ikilala, na kwake inalala. Siku ya kura tu njo ilikosea. Nikasema, huyu mutoto amefanya kitu. Sijui kitu gani, mi sijui mashine. Nikasema nitangoja, ataniambia mwenyewe. Nikakuja kuomba mukungu, ukaangalia miguu yako."

Watu walikuwa wakipiga makofi kwa mpigo, wakiona vichwa viwili vimeungana, wakidhani pombe ni tamu.

"Mama, hila haikunasa!" Theodosia akanong'ona kwa haraka, machozi yakidondoka ndani ya mtungi. "Nakuapia kwa kaburi la baba! Nimekwenda hadi Muyinga, imesomwa, nilikosa! Alitoka dume! Ni Mungu aliyenipa, nilikosa, mama!"

Josefina hakujua habari za dume wala jike. Katika maneno yote hayo alichukua moja.

"Ulikosa," akasema. "Basi ulikuwa unalenga."

Akachomoa mrija wake kwenye mtungi. Ulikuwa mkavu ndani. Akaulaza kwenye majani, mbele ya wazee wote.

Makofi yakafa. Kilima kile, hata mtoto anajua maana ya mrija kutolewa mkavu: mapatano yamekataliwa.

"Josefina!" Longino akashtuka. "Pombe ina nini?"

"Pombe iko muzuri, mi mwenyewe nimeitengeneza." Akaweka mkono wake, wenye udongo kwenye kucha, juu ya bega la Theodosia. "Huyu mwana wanje iko na neno. Mumusikilize mbele hajakunywa. Na mutu asimuguse, iko kwangu."

Theodosia akawatazama Thomas na Prosper, bado wamekaa bega kwa bega kwenye benchi lao. Akaitazama njia inayoshuka kwenye migomba, chemchemi, udongo unaopenda maharage ya njano. Kila alichokuwa nacho kilikuwa kule chini. Akasimama.

"Wazee wangu," akasema, "mashine ile ina ndugu. Ndugu yake ni mimi."

Hakuna aliyeelewa mara moja. Aliyeelewa kwanza alikuwa Prosper. Akainuka kwenye benchi bila kumtazama kaka yake, akatembea hadi ukutani, akachukua jembe lake.